Hati, Nafasi na Sahihi: Uhakiki wa Fomu ya Kompyuta katika Kijiji cha Kianda, Nairobi

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia ushairi, riwaya, tamthilia na, kwa kiasi fulani, fasihi simulizi. Maandishi ya ofisini wamewaachia wanasheria na makarani. Jambo hili linaeleweka, lakini lina hasara yake. Kwa raia wa kawaida wa Nairobi, andiko ambalo matokeo yake humgusa tumboni na mfukoni si shairi wala riwaya, bali ni fomu. Kwa fomu hupata kazi au huikosa. Kwa fomu mtoto wake huandikwa kuwa amezaliwa. Kwa fomu hutibiwa. Wahenga waliosema mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wakimwonya mfanyabiashara. Siku hizi methali hiyo yaweza kumhusu mtu mwenyewe, maana asiyeandikwa popote naye huisha bila habari.

Makala haya yanakusudia kuihakiki fomu kama andiko lenye fani na maudhui, na hasa kuchunguza kinachotokea fomu inapoacha kujazwa kwa kalamu ikaanza kujazwa kwa kupiga taipu katika kompyuta au simu. Mfano unaotumika ni Kianda, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, upande wa magharibi wa mtaa huo. Kianda ni mahali padogo. Vijana wenyeji waliofunzwa kazi ya kuhesabu chini ya mradi wa kuchora ramani ya Kibera walipata humo wakazi 15,219. Ni watu wengi wa kutosha kuonyesha tatizo, na ni wachache wa kutosha tatizo lenyewe kuonekana wazi.

Hoja kuu ni hii. Badiliko lililotokea si la chombo tu, yaani kutoka kalamu hadi kibodi. Ni badiliko la mwandishi. Mtu aliyekuwa akijaza fomu sasa anajaziwa, ilhali lawama ya kila kosa bado inabaki juu yake. Kiswahili chenyewe kinatoa maneno matatu yanayosaidia kulieleza badiliko hili: hati, nafasi na sahihi. Kila moja lina maana mbili, na fomu ya kompyuta imezitenganisha maana hizo mbili zilizokuwa zikikaa pamoja.

Fomu kama utanzu

Fomu ni utanzu wa ajabu kidogo. Ina watunzi wawili wasiojuana. Wa kwanza ni ofisi, ambayo huandika maswali. Wa pili ni raia, ambaye huandika majibu. Ni majibizano, lakini hayafanani na yale ya malenga wawili, kwa sababu mmoja ndiye aliyeweka bahari, akaweka vina, akapima mizani, kisha akaondoka. Mwingine hana uwezo wa kubadili swali wala kuuliza lake.

Hata hivyo, fomu ya karatasi ilikuwa na udhaifu mmoja uliokuwa rehema kwa mjibuji: ilikuwa na pambizo. Mtu aliyeona kwamba swali halimfai aliweza kupiga mstari, kuandika neno juu ya neno, kuongeza maelezo pembeni, au kuacha patupu na kumwachia karani wa dirishani aulize kwa mdomo. Karani huyo hakuwa malaika. Aliweza kufoka, kuchelewesha, kutaka chai, au kusema kwamba faili halionekani. Lakini aliweza kusoma pambizo. Fomu ya kompyuta haina pambizo. Kila jibu lina kisanduku chake, na kisanduku hukubali au hukataa.

Ni lazima haki itendeke kwa upande wa pili. Fomu ya kompyuta imeondoa maovu yanayojulikana. Mwandiko mbaya hauwezi tena kumgeuza mtu jina kila anapobadilisha ofisi. Ombi lililopelekwa lina namba yake na stakabadhi yake, na si rahisi mtu kuambiwa kwamba halikufika. Malipo huingia kwa simu. Tangu tovuti ya eCitizen ianzishwe mwaka 2014, na tangu serikali ilipotangaza Juni 2023 kwamba huduma zipatazo 5,000 zimewekwa humo, mkazi wa Kianda ameokoa nauli nyingi na siku nyingi za kupanga foleni mjini. Uhakiki usiotambua hayo utakuwa ni malalamiko matupu. Suala ni je, gharama ya faida hizo imelipwa na nani, na kwa namna gani?

Hati: mkono wa nani?

Neno hati lina maana ya andiko rasmi, kama vile hati ya ndoa au hati ya shamba. Lina pia maana ya mwandiko wa mtu: husemwa kwamba fulani ana hati nzuri. Ndani ya neno hilo moja, karatasi ya serikali na mkono wa mwandishi ni kitu kimoja. Historia ya Nairobi, lakini, inaonyesha kwamba umoja huo haukuwako tangu mwanzo, bali ulipiganiwa.

Hati aliyobebeshwa mfanyakazi Mwafrika katika Kenya ya kikoloni ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa mwishoni mwa mwaka 1919 na mwaka 1920. Mwanamume mwenye umri wa miaka kumi na sita au zaidi alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Katika kipande mwajiri ndiye aliyeandika: siku ya kuajiri, mshahara, siku ya kuachisha. Mwenye kipande hakuandika neno hata moja. Alichochangia ni alama za vidole vyake. Kwa lugha ya uhakiki, yeye alikuwa mhusika wa andiko hilo bila ya kuwa mtunzi wake.

Shule ilibadilisha hali hiyo. Vizazi vilivyosoma kabla na baada ya Uhuru wa 1963 vilijifunza kuandika jina, tarehe na kijiji cha kuzaliwa kwa mkono wao wenyewe, na wengi walijifunza hayo kabla ya jambo lingine lolote. Kuondolewa kwa karo ya shule za msingi mwaka 2003 kuliwaongeza wengine wengi. Kujaza fomu bila kusaidiwa kulikuwa ushahidi kwamba mtu amesoma. Wasiojua kusoma waliendelea kusaidiwa na jamaa, mwalimu au karani wa kulipwa, lakini walihesabiwa kuwa wachache wanaopungua.

Fomu ya kompyuta imeugeuza mwendo huo. Kianda, kama katika Kibera nzima, fomu za serikali kwa kawaida hujaziwa saiba, yaani kibanda chenye kompyuta chache, printa na mashine ya kutoa nakala. Ibara inayosikika humo ni fupi: nijazie. Mofimu ya kutendea katika kitenzi hicho inabeba historia yote iliyotajwa hapa juu. Anayesema nijazie si lazima awe hakusoma. Aweza kuwa fundi wa vyuma aliyemaliza kidato cha nne, au mama anayeweka hesabu ya mboga zake kwa hati safi katika daftari. Alichonacho ni elimu ya kalamu, na elimu hiyo haitakiwi tena.

Wengine hudhani kwamba kikwazo ni kupiga taipu kwenyewe, kwamba maskini hawajazoea herufi za vidole. Dhana hiyo haina msingi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo mkazi wa Kianda amepiga namba na majina kwa kidole gumba kila siku ya Mungu bila ya kutafuta msaada. Anayeweza kutuma kodi ya nyumba kwa simu hashindwi na herufi. Kinachomshinda ni fani ya fomu. Fomu yataka anwani ya barua pepe, ambayo wengi waliifunguliwa siku moja kwa ajili ya fomu na hawakuitumia tena. Yataka picha ya ukubwa maalumu na nakala ya kitambulisho iliyopigwa skani. Hujifunga yenyewe mtu akikawia kufikiri. Na mwisho wake mara nyingi ni karatasi vilevile. Mwombaji wa cheti cha mwenendo mwema, ambacho waajiri wengi hudai, hujaza maombi katika eCitizen, hulipa shilingi 1,050, huchapisha fomu iitwayo C24, kisha huipeleka akachukuliwe alama za vidole. Kidole cha mwenye fomu kinarudi mwishoni kabisa, mahali kilipokuwa katika kipande. Kati ya mwanzo na mwisho, mkono ulioandika ni wa mtu mwingine.

Isidhaniwe kwamba mhudumu wa saiba ndiye mkosaji katika habari hii. Yeye ni karani asiye na cheo wala mshahara wa serikali, anayefanya kazi ambayo serikali iliiacha. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Husoma swali kwa Kiingereza, huliuliza kwa Kiswahili au Kijaluo au Kiluhya, husikiliza jibu refu, hulifupisha na kulirudisha katika Kiingereza, huku mteja wa pili na wa tatu wakimsubiri. Ni mkalimani na mhariri kwa wakati mmoja. Lakini mkalimani mwenye haraka hupunguza. Fomu ikiuliza idadi ya watu wanaomtegemea mwombaji, yeye aweza kuuliza tu, “Una watoto wangapi?” Mama anayemlea mkwewe mgonjwa na watoto wawili wa marehemu ndugu yake atajibu idadi ya watoto aliowazaa. Jibu litakuwa kweli kwa swali lililoulizwa, na uongo kwa swali lililoandikwa.

Fasihi ya Afrika iliwahi kuliona tatizo hili mapema. Katika filamu ya Sembène Ousmane iitwayo Mandabi, ya mwaka 1968, Ibrahima Dieng wa Dakar apokea hundi ya posta kutoka kwa mpwawe aliyeko Paris. Hawezi kuilipwa bila kitambulisho, na hawezi kupata kitambulisho bila cheti cha kuzaliwa. Barua yenyewe husomewa na mwandishi wa kulipwa aliyekaa posta. Mwishowe Dieng atia sahihi mamlaka ya kumruhusu jamaa yake msomi, Mbaye, kumchukulia fedha, na fedha hizo hazioni tena. Sembène hakusema kwamba Dieng ni mjinga. Alionyesha kwamba dola iliyorithi karatasi za mkoloni na lugha ya mkoloni humlazimisha mwananchi kumwamini mtu wa kati, na kwamba imani ya kulazimishwa si imani. Mhudumu wa saiba wa Kianda kwa kawaida si Mbaye. Lakini mteja wake hana njia ya kujua kama ni Mbaye au siye, na hapo ndipo ufanano ulipo.

Nafasi: uwazi na bahati

Neno la pili ni nafasi. Ni uwazi katika karatasi, kama katika agizo la jaza nafasi zilizo wazi. Na ni fursa, kama katika nafasi ya kazi. Mkazi wa Kianda hujaza nafasi ili apate nafasi. Katika karatasi, nafasi ilikuwa mstari au vitone ambavyo mtu alivitumia apendavyo. Katika kompyuta, nafasi ina masharti. Mengine yamewekewa kinyota chekundu, nacho maana yake ni kwamba bila ya kuijaza hiyo, ukurasa unaofuata haufunguki.

Chukua mfano wa anwani. Fomu nyingi hudai sanduku la posta, jina la barabara na jina la jengo. Nyumba nyingi za Kianda ni vyumba vya kupanga vya udongo na mabati, vilivyopangana kando ya vichochoro visivyo na majina rasmi wala namba. Watu huelekezana kwa kanisa, kwa shule, kwa bomba la maji, kwa duka la fulani, na huelekezana vizuri wala hawapotei. Katika karatasi mtu aliweza kuandika maelekezo hayo kama yalivyo, au kuandika neno hakuna. Kinyota hakikubali hakuna. Basi mhudumu hutia sanduku la posta la shule, au la kanisa, au lolote analolikumbuka. Kwa njia hiyo fomu iliyotengenezwa ili kupata ukweli humfundisha mtu kubuni. Ofisi hupata jedwali lisilo na pengo, na kutokuwa na pengo huchukuliwa kuwa ni ukamilifu.

Majina nayo yana mkasa wake. Fomu hudai jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo, kana kwamba jamii zote hupanga majina kwa mtindo wa Ulaya. Mwislamu wa jamii ya Wanubi, ambao babu zao askari wa Kisudani waliweka makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya ishirini, huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la ukoo. Mjaluo ana jina la ubatizo, jina la wakati au tukio la kuzaliwa kwake, na jina la baba. Ni lipi la ukoo? Kila mhudumu ana jibu lake, na hivyo mtu mmoja aweza kuwa na mpangilio mmoja kwenye kodi, wa pili kwenye matibabu, na wa tatu kwenye cheti cha mwanawe.

Lakini mahali ambapo suala la nafasi limekuwa zito kuliko pote ni katika bima ya afya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa herufi SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa Kianda, hupimwa uwezo wake kwa maswali juu ya nyumba na mali: paa, kuta, maji, choo, mifugo na mengineyo. Majibu huchaguliwa katika orodha iliyokwisha kuandikwa, kompyuta hufanya hesabu, na mjibuji haoni imefanywaje. Anachoona ni kiasi anachotakiwa kulipa, ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kilipwe kwa mwaka mzima.

Hapa uhakiki unapata kazi halisi, kwa sababu hapa kila neno lina bei. Mtu wa Kianda akiulizwa kama ana ng’ombe, jibu la kweli laweza kuwa refu. Yuko ng’ombe mmoja ushago. Alinunuliwa kwa fedha zake. Anachungwa na mama yake. Maziwa ni ya mama. Ndama ameahidiwa mdogo wake. Je, ana ng’ombe au hana? Desturi ya mali katika jamii nyingi za Afrika Mashariki inaruhusu kitu kimoja kuwa cha watu kadha kwa namna mbalimbali. Katika fomu ya karatasi iliyotangulia usajili wa Huduma Namba, Aprili na Mei 2019, raia aliulizwa pia habari za kilimo na mifugo, nayo fomu hiyo ilijazwa kwa kalamu kabla ya kuhamishiwa katika mashine na wasajili. Angalau aliweza kuandika kando kwamba ni ya mama. Fomu ya kompyuta yataka ndiyo au siyo, kisha inataka idadi. Anayesema ndiyo huonekana tajiri kidogo, na anayesema siyo huonekana mwongo akichunguzwa. Kosa halimo katika tabia yake wala katika kidole cha mhudumu. Limo katika swali lisilo na pambizo.

Sahihi: ukweli na jina

Neno la tatu ndilo lenye uzito kupita yote. Sahihi ni jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Kuunganishwa kwa maana hizo si bahati tu: anayetia sahihi anathibitisha kwamba yaliyoandikwa ni sahihi. Mkono unatoa dhamana kwa maneno.

Fomu ya kompyuta imezigawa maana hizo kwa watu wawili tofauti. Usahihi umekuwa kazi ya mashine. Jina ni sahihi iwapo linalingana na rejesta ya vitambulisho. Namba ni sahihi iwapo tarakimu zake zimetimia. Tanbihi ya kutiliwa maanani ni kwamba kulingana si ukweli. Ikiwa karani wa zamani aliandika herufi moja isivyo katika kitambulisho, basi mwenye kuandika jina lake kama alivyopewa na wazazi wake atakataliwa, na mwenye kurudia kosa la karani atakubaliwa. Kosa limekuwa kipimo cha usahihi.

Nayo ile sahihi ya mkono imegeuka kuwa alama ndogo katika kisanduku, chini ya aya ndefu ya masharti ya Kiingereza. Mtu anakubali kwamba amesoma, ameelewa, na anajua adhabu ya kusema uongo. Anayekibonyeza kisanduku hicho katika saiba ni mhudumu. Mwenye fomu yuko nyuma ya kiti, anaona mgongo wa mtu na nusu ya kioo. Kwa hakika ya mambo, hakuna aliyetia sahihi: aliyebonyeza si mwenye habari, na mwenye habari hakubonyeza.

Hali hii haiishii kwenye falsafa. Mwenye namba ya kodi hutakiwa kupeleka taarifa ya mapato kila mwaka kabla ya kupita tarehe 30 Juni hata kama hakupata mapato, na mtu binafsi akichelewa adhabu ni shilingi 2,000. Kijana wa Kianda huichukua namba hiyo kwa sababu mwajiri anayemtarajia ameitaka. Kazi ikikosekana, namba hubaki. Aliyejaziwa mara moja bila kuelezwa kwamba wajibu huo hurudi kila mwaka huja kugundua baada ya miaka kadha kwamba ana deni kwa kazi asiyoipata. Sheria inamhesabu kuwa ndiye aliyejaza.

Neno la siri nalo lafaa litajwe. Mteja asiye na barua pepe hufunguliwa moja, na neno la siri hutungwa na mhudumu. Ili lisisahauliwe, huandikwa katika daftari la saiba, au nyuma ya nakala ya kitambulisho, kwa kalamu. Hivyo mwandiko wa mkono, uliofukuzwa katika fomu, umerudi kwa mlango wa nyuma, na umerudi kulinda, au kutolinda, kitu ambacho jina lake ni siri. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao, iliamua kwamba usajili wa Huduma Namba usiendelee bila ya sheria na kanuni za kutosha za ulinzi. Ni jambo la kujivunia kwamba kesi hiyo ilikuwa na mizizi Kibera. Lakini hukumu ya mahakama haijafika katika daftari la saiba, na haitafika maadamu fomu imejengwa kwa namna inayolihitaji daftari hilo.

Suala la lugha

Yaliyosemwa mpaka hapa yanaelekea mahali pamoja. Mtu wa kati anahitajika kwa sababu nyingi, lakini kubwa miongoni mwake ni kwamba fomu inazungumza lugha ambayo mjibuji haitumii anapofikiri juu ya nyumba yake, jamaa zake na ng’ombe wake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ukitazama fomu za mtandaoni za kodi au za cheti cha mwenendo mwema, utaona urasmi wa lugha moja tu.

Hoja ya kawaida ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo ilikwisha kufa, ila haijazikwa. Nchini Tanzania, fomu ya maombi ya kitambulisho cha taifa imeandikwa kwa Kiswahili: majina, mahali pa kuzaliwa, kata, wilaya, hali ya ndoa na mengineyo, na wananchi wa kila namna wameijaza. Wala hapana haja ya kuvuka mpaka. M-Pesa hutoa orodha yake kwa Kiswahili, na maneno kama tuma pesa na toa pesa hayakumshinda mtu. Ina pia utaratibu uitwao Hakikisha: kabla fedha hazijaenda, jina la mpokeaji huonyeshwa, na mtumaji hupewa muda mfupi wa kusimamisha. Huo ni uhariri wa mwisho unaofanywa na mwenye andiko mwenyewe. Kampuni iliona kwamba kosa la tarakimu moja laweza kumpeleka mtu kwenye hasara, ikamrudishia macho yake. Ni vigumu kuona kwa nini raia anayetuma shilingi mia ahakikishiwe, na anayetuma maisha yake yote kwa serikali asihakikishiwe.

Hata hivyo tafsiri pekee haitoshi. Fomu iliyotafsiriwa neno kwa neno, yenye jina la ukoo palepale na kinyota chekundu palepale, itakuwa Kiingereza kilichovaa kanzu. Kinachotakiwa ni fomu iliyotungwa kwa Kiswahili, yaani iliyoanza kwa kuuliza jinsi watu wanavyoitwa, wanavyoelekezana na wanavyomiliki. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mafundi wa kompyuta peke yao. Inawahitaji wanaisimu na wahakiki, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya hazina udhuru wa kuikwepa kwa kusema kwamba fomu si fasihi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuhama kutoka kalamu hadi kibodi, katika mahali kama Kianda, kumeleta faida za kweli za kasi na kumbukumbu, na wakati huohuo kumevunja uhusiano wa zamani baina ya mtu na andiko linalomhusu. Hati si tena mwandiko wake. Nafasi haimpi tena nafasi ya kueleza. Na sahihi imekuwa ya mashine kwa upande mmoja na ya mhudumu kwa upande wa pili.

Hakuna haja ya kurudi kwenye karatasi, wala wakazi wa Kianda hawajaomba hivyo. Mambo matatu yanatosha kwa kuanzia. Kwanza, kila fomu ya serikali iwe na toleo la Kiswahili lililotungwa. Pili, kila fomu iwe na nafasi moja isiyo na masharti, ambamo mjibuji aweza kuandika kwamba ng’ombe ni wa mama, na awepo mtu ofisini mwenye wajibu wa kuisoma. Tatu, kabla fomu haijapelekwa, majibu yote yatumwe kwa Kiswahili katika simu ya mwenye fomu, ayasome au asomewe na mtu amtakaye, kisha yeye mwenyewe, kwa kidole chake, aseme ndiyo. Hapo mhudumu wa saiba atabaki kuwa msaidizi, kama alivyo kwa kweli, na mwenye fomu atakuwa ametia sahihi.